Benki zituonyeshe na hesabu hii

"Umeolewa?" Ukijibu hapana, linafuata swali la pili: "Una mchumba? Mnatarajia kufunga ndoa lini?" Ukijibu ndiyo, unaulizwa una watoto wangapi, mdogo ana umri gani, na kama ukipangiwa Mpanda au Tunduru mumeo atakuruhusu uende. Maswali ya uhasibu na ya mikopo huja mwishoni, muda ukiwa umeshakwisha.

Hivyo ndivyo alivyosailiwa binti wa kaka yangu alipoomba nafasi ya ofisa mikopo katika benki moja jijini Dar es Salaam. Ana shahada ya uhasibu na amebakiza hatua ya mwisho ya mitihani ya CPA. Kijana aliyesoma naye darasa moja, aliyeingia chumbani baada yake, aliulizwa kuhusu dhamana, kuhusu namna ya kupima uwezo wa mkopaji kulipa, na anachokijua juu ya biashara ya mazao. Mke au mchumba wake hakutajwa kabisa. Walipolinganisha maswali yao jioni ile, binti akanipigia simu. "Shangazi, na nyie enzi zenu mliulizwa hivi?"

Tuliulizwa. Mimi niliulizwa mwaka 1996, wakati benki binafsi zilipokuwa zinaanza kuingia nchini baada ya sheria ya mwaka 1991. Linaloniuma ni kwamba kati ya usaili wangu na wa binti huyu, Bunge limetunga sheria inayokataza ubaguzi wa namna hii, na wanaouliza ama hawana habari nayo, ama wanaijua na haiwatishi.

Sheria hiyo ni ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, waziwazi au kwa kuzunguka, kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa au majukumu ya familia. Wengi wanadhani kinga hiyo huanza siku ya kusaini mkataba. Kifungu hichohicho kinasema kwamba mfanyakazi ni pamoja na mtu anayeomba kazi, na kwamba sera za ajira ni pamoja na tangazo la kazi, vigezo vya kuwachuja waombaji na utaratibu wa kuwachagua. Mlalamikaji akishaonyesha ushahidi wa awali, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kuwa hakubagua. Tena kila mwajiri anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi kazini kwake. Nimefanya kazi benki mpaka nikastaafu, nimekuwa mwakilishi wa wafanyakazi, nimekaa kwenye vikao vya tawi na vya kanda. Sijawahi kuonyeshwa mpango huo.

Na hawa ni watu wa benki, watu wanaoandika kila kitu. Keshia huorodhesha noti kwa thamani zake kabla hajafunga siku. Anayeingia chumba cha fedha husaini daftari, na chumba chenyewe hakifunguki mpaka watu wawili wenye funguo mbili wawepo. Shilingi elfu moja ikipungua jioni, tawi zima hubaki mpaka ionekane. Mteja akinyimwa mkopo, sababu huandikwa kwenye faili lake. Lakini sababu ya kumkataa mwanamke kazini, au ya kumwacha ngazi moja miaka kumi na miwili, haiandikwi popote. Ndipo ubaguzi unapojificha, na ndipo ninapotaka tuutoe.

Mwishoni mwa mwaka 2021, State Bank of India, benki kubwa kuliko zote nchini India, ilitoa mwongozo wa afya kwa waajiriwa wapya. Mwanamke mwenye mimba ya zaidi ya miezi 3 angehesabiwa kuwa hafai kwa muda, na angeruhusiwa kuripoti kazini ndani ya miezi 4 baada ya kujifungua. Kabla ya hapo benki hiyohiyo ilikuwa inaajiri wanawake wenye mimba ya hadi miezi 6. Wafanyakazi walipinga, Tume ya Wanawake ya Delhi ikaiandikia benki ikiitaka ijieleze, na tarehe 29 Januari 2022 benki ikatangaza kuuondoa. Mwongozo ule haukumaliza hata mwezi tangu habari zake zianze kusambaa.

Uliondoka upesi kwa sababu uliandikwa. Watu waliushika mkononi, wakausoma, wakaupinga kwa maneno yake wenyewe. Hapa kwetu sidhani kama kuna benki itakayothubutu kutoa waraka wa namna ile, na mimi siuhesabu huo kuwa ushindi. Kinachofanyika hapa hufanyika kwa mdomo. Nimesikia kwa masikio yangu meneja wa tawi akizungumza na makao makuu kwa simu: "Safari hii nileteeni kijana wa kiume, hapa wamenijazia wazazi." Simu ikakatwa, kijana wa kiume akaletwa, na mpaka leo hakuna mtu anayeweza kwenda mbele ya msuluhishi na maneno yale.

Nawakumbusha pia kwamba benki ile ya India ilikuwa imeshaongozwa na mwanamke, Arundhati Bhattacharya, kuanzia 2013 hadi 2017. Nalitaja hili kwa ajili ya wale ambao kila tukilalamika hututajia jina la mwanamke mmoja aliye juu. Na sisi tunao. Ruth Zaipuna alipokabidhiwa uongozi wa NMB mwaka 2020 nilifurahi kwa moyo wote, na wengi tuliofanya kazi dirishani tulipigiana simu kupongezana. Lakini jina la mkuu wa benki halituambii ni wanawake wangapi walioomba kazi mwaka jana, wangapi walioitwa, na wangapi walioachwa kwa sababu ya pete kidoleni.

Ingia tawi lolote la mjini, iwe Mwanza au Morogoro. Dirishani na kwenye meza ya huduma kwa wateja utakuta wanawake wengi. Sasa omba kumwona ofisa mikopo, halafu mkuu wake, halafu meneja wa tawi. Kadiri unavyoingia ndani, wanawake wanapungua. Wala hawakuzidiwa vyeti. Walizidiwa siku ya kwanza, walipopangiwa mahali pa kukaa. Benki inaishi kwa riba, na anayejua kukopesha na kukusanya marejesho ndiye anayehesabiwa kuijua biashara. Keshia anaweza kufunga hesabu zake miaka kumi bila upungufu, akapewa cheti cha mfanyakazi bora Mei Mosi, na bado asifikiriwe kwa umeneja kwa sababu hana uzoefu wa mikopo. Uzoefu huo alinyimwa na walewale wanaomdai.

Mimi nilikaa dirishani muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kila nilipoomba kuhamia mikopo nilijibiwa kwa sifa: mkono wangu ni mwepesi, wateja wananipenda, foleni yangu inakwenda. Sifa zilikuwa za kweli, na zilitumika kunifungia palepale. Meneja mmoja, mtu muungwana katika mambo mengine yote, alinieleza kwa upole kabisa: "Mama, mdaiwa sugu anafuatwa usiku. Utamfuata wewe?" Waliopelekwa mikopo ni vijana niliowafundisha mimi kupanga noti na kutambua noti bandia. Wawili kati yao walikuja kuwa mabosi wangu, na nilifanya nao kazi kwa heshima, maana kosa halikuwa lao.

Nafasi niliipata baadaye kwa sababu meneja alihamishwa. Aliyekuja alikuta hana ofisa wa kumtuma Kahama msimu wa mpunga, akanituma mimi. Huko nilijifunza kwamba mdaiwa sugu hafuatwi usiku. Anafuatwa asubuhi kabla hajafungua duka, au siku ya mnada akiwa na fedha mkononi na wenzake wanamwona. Anafuatwa na mtu aliyefika kwenye ghala lake kabla ya kumpa mkopo, akahesabu magunia mwenyewe, akazungumza na mkewe, ambaye mara nyingi ndiye anayejua deni jingine liko kwa nani. Mikopo yangu ililipwa. Ililipwa vizuri kiasi kwamba hakuna aliyezungumzia tena usiku. Lakini wenzangu wawili tuliokaa nao dirishani, mmoja wao hodari wa hesabu kunishinda, hawakupata meneja aliyekosa mtu wa kumtuma. Wamestaafu wakiwa makeshia, kwa mafao ya keshia.

Kwenye uzazi, sheria ni nzuri kiasi. Mama anapata likizo ya siku 84 kwa malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi anaruhusiwa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka wiki 14, ambazo ni siku 98, kwa hiyo bado tuko nyuma kwa wiki mbili. Hata hivyo, benki nilizozijua hazigombani na mtu juu ya siku 84. Adhabu huja Desemba, kwenye tathmini ya utendaji.

Tuseme ofisa amepewa lengo la kukopesha shilingi milioni 600 kwa mwaka, yaani milioni 50 kila mwezi. Akienda likizo ya uzazi ya karibu miezi 3, amebakiwa na miezi 9. Akifanya kazi kwa kasi ileile ya wenzake ataleta milioni 450. Mfumo wa kompyuta utasoma asilimia 75 na kumweka chini ya wote. Bonasi inapungua, nyongeza ya mshahara inakuwa ya chini kabisa, na jina lake linatolewa kwenye orodha ya wanaofikiriwa kupandishwa. Hakuna aliyeandika kwamba ameadhibiwa kwa kuzaa. Lengo lake lilitakiwa lishushwe hadi milioni 450 siku alipofunga meza yake, na ofisa rasilimali watu angeifanya hesabu hiyo kwa dakika moja. Nimeliuliza jambo hili kwenye vikao zaidi ya mara moja. Nilijibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Mfumo wa kompyuta umetengenezwa na watu, na benki hubadilisha mifumo yake kila riba na tozo zinapobadilika.

Kuhusu zile saa mbili, keshia anazipataje? Dirisha halifungwi ovyo, mwenzake ana foleni yake, na mtoto yuko nyumbani kwa daladala mbili. Niliwaona mabinti wakikamua maziwa kwenye chumba cha mafaili ya zamani, mmoja akishika mlango kwa nje. Chumba chenye kufuli, kiti safi na jokofu dogo hakiwezi kuishinda taasisi inayojenga vyumba vya kuhifadhi mabilioni.

Wanaoumia zaidi ni wale walioletwa na wakala wa ajira. Wamevaa sare ya benki, wanauza huduma za benki, lakini mkataba wao ni wa mwaka mmoja na mwajiri wao ni kampuni nyingine. Tumbo likianza kuonekana, mkataba unaachwa uishe kimyakimya, halafu anaambiwa nafasi haipo tena. Sheria yetu inasema kutohuisha mkataba wa muda maalumu, pale mfanyakazi alipokuwa na matarajio ya msingi ya kuhuishiwa, ni kuachishwa kazi. Na ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mabinti hawa hawaambiwi hayo. Benki inasema si wafanyakazi wake, wakala anasema benki ndiyo haikuwataka.

Nchini Kenya, mwaka 2013, mahakama ya kazi ilimpa haki mwanamke aliyeishtaki Bank of Africa Kenya kwamba aliachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito. Kwenye kumbukumbu za kesi anatajwa kwa herufi tu, G.M.V. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwajiri athibitishe kwamba hakubagua, kama yetu inavyotaka. Kwa hiyo silaha tunayo. Wanaoitumia ni wachache, na sababu zao nazielewa. Dunia ya benki ni ndogo, mameneja wanajuana, na binti anayeshtaki benki moja anaogopa kwamba jina lake litatangulia kila anakokwenda.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nalisema kwa uchungu. Benki zinashindania amana, na amana kubwa ziko kwa watu wachache wenye fedha. Nimeona binti mpya, mwezi wa pili kazini, akichaguliwa kwa sura yake ampelekee mteja mkubwa fomu ofisini kwake saa za jioni, akielezwa na namna ya kuvaa. Ofisa wa kiume mwenye lengo lilelile haelezwi avae nini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, na sheria ya ajira inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi. Meneja anayemtuma binti wa watu kwa mteja wa namna hiyo, akijua mteja anatafuta nini, asijidanganye kwamba yeye hahusiki.

Najua wanaosema benki ni biashara, na nafasi ikikaa wazi miezi 3 ni hasara. Nimekuwa huko, najua gharama. Lakini benki hutoa mtu kazini kwa mafunzo ya miezi kadhaa, huhamisha mtu ghafla, humsimamisha mtu kupisha uchunguzi, na nafasi hizo zote huzibwa na kazi inaendelea. Likizo ya uzazi peke yake ndiyo inayojulikana miezi kabla haijaanza, kwa kuwa sheria inamtaka mama atoe taarifa miezi 3 kabla ya kujifungua. Hakuna pengo lililo rahisi kulipangia kuliko hilo.

Wapo pia wanaosema wanawake wenyewe hawakubali kuhamishwa. Hili lina ukweli ndani yake. Nimewaona waliokataa barua za uhamisho kwa sababu ya waume, wazazi wagonjwa na shule za watoto. Nimewaona na wanaume waliokataa, tena wengi, waliokimbilia makao makuu kutafuta mtu wa kuwafutia uhamisho kwa sababu ya nyumba wanayojenga. Muulizeni kila msailiwa swali moja: uko tayari kufanya kazi kituo chochote? Ajibu mwenyewe, na jibu lake liandikwe. Habari za mume ziachwe nyumbani kwake.

Kwa mabinti wanaoenda kwenye usaili, nina ombi. Ukitoka chumbani, kaa chini uandike maswali yote kama yalivyoulizwa, tarehe, saa, na vyeo vya waliokuwapo. Tafuta mwenzako wa kiume aliyesailiwa siku hiyo, mlinganishe. Malalamiko ya ubaguzi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni siku 60, au siku 30 kama umeachishwa kazi. Muda huo hupita upesi kwa mtu aliyevunjika moyo. Chama cha wafanyakazi nacho kikusindikize hata kama wewe bado si mwanachama, na viongozi wa chama wanaosoma hapa naomba walichukue hili kama deni lao.

Na kwa benki, ninachodai ni kidogo. Kila robo mwaka mnachapisha hesabu zenu magazetini. Chini ya faida na hasara, karibu na idadi ya matawi, kuna mstari unaoonyesha idadi ya wafanyakazi. Ni namba moja tu, bila maelezo. Igawanyeni. Andikeni wanawake wangapi na wanaume wangapi dirishani, kwenye mikopo, kwenye umeneja wa matawi na kwenye menejimenti. Ongezeni wangapi walioomba kazi na wangapi walioajiriwa, na wanawake wangapi waliokwenda likizo ya uzazi ambao mwaka mmoja baadaye bado wapo kazini. Takwimu hizo mnazo, kwa sababu mnalipa mishahara kila mwezi kwa majina na vyeo. Benki Kuu ndiyo inayopanga sura ya hesabu hizo, na inaweza kuuongeza mstari huo kwa waraka mmoja. Hata bila kuisubiri Benki Kuu, benki yoyote inayojiamini inaweza kuanza yenyewe kwenye hesabu za robo ijayo.